Elimu ya Pweza na Mkono wa Askari

Askari wa jeshi au polisi alindaye mpaka hapa Vurra, penye njia itokayo Arua kwenda Kongo, yuko mbali mno na bahari. Wengi wetu tuliiona bahari kwa mara ya kwanza kule Mogadishu, baada ya jeshi letu kupelekwa Somalia mwaka 2007. Kwa hiyo tukitaja habari za mtu aliyetumia umri wake akichunguza pweza na ngisi, wapo watakaocheka na kusema huo ni mchezo wa walioshiba. Sisi twasema kicheko hicho si cha haki, hasa kikitoka kinywani mwa askari.

Mtu huyo ni Profesa John Zachary Young wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1997. Alianza kuwachunguza wanyama hao angali kijana, katika kituo cha elimu ya bahari mjini Naples, Italia, wala hakuwaacha hata alipostaafu ualimu wa chuo kikuu mjini London mwaka 1974. Alikadiria kwamba pweza ana chembe za fahamu zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa katika minyiri yake. Mwaka 1936 alieleza kwamba ngisi ana nyuzi za fahamu nene ajabu, ziwezazo kufikia milimita 1, zinazomwezesha kusukuma maji kwa ghafula na kumkimbia adui. Kwa kuwa uzi huo waonekana kwa macho, wataalamu Hodgkin na Huxley waliweza kupima umeme upitao ndani yake, wakafahamu jinsi amri isafirivyo katika mshipa wa fahamu. Mwaka 1963 walikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Young aliongoza kikundi cha wataalamu mjini Oxford kilichotafuta jinsi mishipa ya fahamu ya majeruhi iwezavyo kuungwa na kuota tena. Leo yafahamika kwamba mshipa ulioungwa vema huota polepole, yapata milimita 1 kwa siku. Tupige hesabu: aliyejeruhiwa penye kiwiko, sentimita 40 hivi kutoka ncha za vidole, hungoja zaidi ya mwaka mmoja, na si kila mshipa hupona.

Hapa ndipo lilipo neno letu. Katika kambi hutokea askari ambaye kidonda chake kimefunga, ngozi ni nzima, lakini mkono umelegea miezi mingi. Upesi huitwa mvivu anayekwepa zamu. Hilo ni kosa kubwa. Huenda wakati huo huo uzi wa fahamu unatambaa ndani ya mkono wake, kidogo kidogo, pasipo mtu kuuona.

Basi mkuu wake hana budi kumfikisha kwa daktari mapema, kwa maana msuli uliokaa mno bila fahamu hunyauka. Wenzake wamsaidie kunyoosha vidole kila siku, kama daktari atakavyoagiza, visije vikakakamaa. Naye mwenyewe asikate tamaa mwezi wa tatu ilhali hesabu yataka kumi na mitatu.

Aliyeanza kwa kumtazama pweza alifika kumhudumia askari aliyeumia. Tusiicheke elimu hiyo, wala tusimcheke mwenzetu ambaye mkono wake bado unaingoja.