Unaishi Geto la Kupanga Halafu Unafuga Mbwa? Acha Kiki, Tafuta Paka!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo tunaambiana ukweli, na najua kuna watu watanuna.

Kuna staa mmoja wa muziki, jina kapuni, kila siku anaposti mbwa wake mwenye manyoya kama blanketi. Yeye yuko kwenye apatimenti Dar, kiyoyozi kinapuliza, na ana mtu wa kumlipa amtembeze mbwa. Sawa. Tatizo ni sisi wa huku Mpanda. Mtu ana chumba kimoja Makanyagio au Kawajense, choo wanachangia familia sita, naye anataka mbwa wa kupiga naye selfi. Ndugu yangu, hapo unamfuga au unamfunga?

Nasema haya kwa sababu yametokea mbele ya macho yangu. Nyumba niliyopanga mwanzo kulikuwa na jamaa maarufu tu hapa mjini, simtaji. Alileta mbwa mdogo, mzuri, wote tukamshangilia. Miezi minane baadaye mbwa kawa mkubwa, kafungwa kamba mlangoni asubuhi mpaka jioni. Jua la Septemba la Mpanda mnalijua. Usiku anabweka, hakuna anayelala. Jirani yetu Muislamu akiguswa na mate ya mbwa inabidi aoshe mara saba, na maji yenyewe tunanunua kwa ndoo.

Siku moja kamba ikakatika, mbwa akamng'ata mguuni mtoto wa mpangaji mwenzetu. Jamaa akafanya nini? Usiku ule ule akampakia mbwa kwenye bajaji, akaenda kumtupa porini! Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa aangaliwe siku 10 ili ijulikane kama ana kichaa. Mbwa hayupo, mama wa watu kabaki anahangaika na nauli na sindano, halali. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, ni kifo, kupona ni nadra mno. Na hadi watu 99 kati ya 100 wanaokipata wanakipata kwa mbwa. Mtoto yuko salama, tunamshukuru Mungu. Jamaa? Kahama, na nasikia anatafuta mbwa mwingine.

Sasa paka. Analala saa 12 mpaka 16 kwa siku, hana muda wa kukusumbua. Beseni la mchanga linamtosha, anajisaidia na kufukia mwenyewe. Chakula ni ugali na dagaa wa Karema. Halafu Katavi ni mkoa wa mpunga na mahindi, nani hapa hana gunia la mchele ndani? Panya ndiye mpangaji asiyelipa kodi, na paka ndiye anayemtoa bila barua.

Kuna wataosema paka ni wa wachawi. Wachawi wa wapi? Huyo mnyama anatafuta panya tu. Wengine wataniambia mbwa analinda. Analinda nini kwenye chumba kimoja, godoro na sabufa? Kama una uwanja na fensi, fuga mbwa, mchanje kila mwaka, mimi sina neno.

Na paka naye ana masharti yake. Anaweza kupata kichaa, kwa hiyo mpeleke akachanjwe. Mjamzito asishike kinyesi chake. Na mwenye nyumba aulizwe kwanza.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hata bila sheria, mnyama siyo viatu kwamba ukichoka unatupa. Mtoto wa jirani naye siyo wa kumfanyia majaribio ya kiki zako.

Kama umeng'atwa, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbia hospitali. Usisubiri.

Haya, timu mbwa nawasubiri hapo chini. Mje na hoja, matusi nafuta!