Nimepona, Lakini Bado Niulizeni

Wengi wenu mliniona kwenye sherehe ya chama chetu nikicheza muziki mpaka usiku wa manane. Karibu kila aliyenisalimia aliniambia, "Umenawiri! Shukuru Mungu, yameisha." Namshukuru, tena kila siku. Lakini jamani, hayajaisha, na leo naomba niseme wazi.

Kwa wasiojua: nikiwa mwaka wa pili hapa Edinburgh niliota uvimbe shingoni. Nikadhani ni mambo ya baridi. Kumbe ni saratani ya tezi, ile aina ya Hodgkin, ambayo huwapata sana vijana wa umri wetu, na wengi wanaotibiwa hupona. Nikawekewa dripu kila baada ya wiki mbili kwa miezi sita. Dawa mojawapo ni nyekundu kama Vimto. Mpaka leo nikiona chupa ya Vimto dukani, kichefuchefu kinanishika.

Kusema kweli, kipindi kile nilikuwa na la kufanya. Kulikuwa na tarehe za kliniki, nesi aliyenijua kwa jina, na washikaji walioniletea ugali. Siku ya dripu ya mwisho tulishangilia wote. Kesho yake nikaamka peke yangu chumbani, sina miadi, sina pa kwenda. Hapo ndipo nikalia. Tangu hapo kila kikohozi nasema imerudi. Wiki ya kwenda kupimwa silali, na ukurasa mmoja wa kitabu nausoma mara tatu.

Sisi kwetu saratani hatuitaji kwa jina, tunanong'ona "ule ugonjwa". Mgonjwa anaambiwa ajikaze, na akimaliza matibabu anaambiwa ashukuru. Maneno hayo yanatoka kwa upendo, sikatai. Lakini ukishaambiwa ushukuru, utasemaje tena kwamba unaogopa? Utaonekana huna shukrani. Basi unanyamaza.

Na mimi nilinyamaza. Mama yangu yuko Tanga, ana presha, nikamficha miezi minne. Akipiga simu nasema, "Nimechoka na mitihani tu, mama." Siku nilipomwambia alikaa kimya, halafu akasema, "Mwanangu, ulidhani usiposema ndiyo nalala? Sauti yako naijua." Nilidhani namlinda, kumbe tulikuwa tunaogopa wote wawili, kila mtu kivyake.

Kilichonisaidia ni kuongea. Hapa Edinburgh ndipo kilipofunguliwa kituo cha kwanza cha Maggie's, mwaka 1996, na sasa viko vingi Uingereza. Unaingia bila miadi wala malipo, unakaa mezani jikoni, unapewa chai. Huko nilikuta wengine waliokwisha kupona nao hawalali. Nilijiona si kichaa.

Jambo la pili, masomo. Kwa sheria ya usawa ya mwaka 2010 ya hapa Uingereza, mwenye saratani analindwa kama mtu mwenye ulemavu tangu siku anapogunduliwa, na ulinzi huo hauondoki matibabu yakiisha. Chuo kinatakiwa kukufikiria, kwa mfano muda wa ziada kwenye mtihani. Mimi niliona aibu kuomba, nikafeli somo moja bure. Wewe usione aibu, kaombe.

Na ninyi marafiki, sidai mengi. Mwenzenu akimaliza matibabu, msiache kwenda kwake. Ule ugali wa mwezi wa saba baada ya dripu una maana kuliko wa wiki ya kwanza. Msimuulize, "Umepona?" maana swali hilo lina jibu moja tu. Muulizeni, "Leo unaendeleaje?" halafu mkae, msikilize. Akisema anaogopa, msimkatize kwa "usijali". Mwacheni amalize.

Mwezi ujao nakwenda kupimwa tena. Naogopa. Anayetaka kunisindikiza, karibu sana.