Nyumbani na Kazini: Kofia Kwanza, Sauti Baadaye

Wahenga walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Lakini liko pia sikio litakalo kusikia mno, hata likakiponza kichwa kinacholibeba.

Jioni moja, katika ua mmoja wa Hai Malakal, jijini Juba, kijana wa boda boda aliketi kando ya jiko la mama yake, kisu mkononi na kofia yake ngumu magotini. Alikuwa amenunua visikizi sokoni, apate kusemezana na wateja na madereva wenziwe bila kushika simu. Visikizi vilikuwa vinene na kofia ilimbana. Basi akaanza kulichonga lile povu gumu jeupe la ndani, mahali pa sikio. Baba yake, askari wa miaka mingi, alirejea kutoka zamu akaliona vumbi jeupe mkekani.

“Mwanangu, wachonga nini?”

“Nafasi ya sikio, baba.”

“La, hasha. Wachonga fuvu la kichwa chako.”

Mzee alisema kweli. Gamba la nje la kofia huzuia ncha na mawe, lakini mwokozi hasa ni lile povu. Kichwa kigongapo lami, povu hupondeka na kuimeza nguvu ya pigo kabla haijafika ubongoni. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai kuvaliwa tena, hata ikionekana nzima. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa kuvaa kofia sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Hesabu hiyo ni ya kofia kamili, si ya kofia iliyochimbwa kwa kisu cha jikoni.

Askari wa vifaru walilitambua jambo hili zamani. Wasomaji wengi watakumbuka meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, ikafika Mombasa Februari 2009 ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Serikali ya Kenya ilisema vilikuwa vya jeshi lake. Taarifa nyingine nyingi zilieleza kuwa vilikuwa njiani kuja Sudan Kusini. Kifaru cha aina hiyo huendeshwa na watu watatu, na ndani yake ngurumo ya injini haimruhusu mtu kumsikia jirani yake. Kwa hiyo kofia yao ya kitambaa na mito hushonwa pamoja na visikizi vyake tangu kiwandani. Kipaza sauti hakikai mdomoni bali hugusa koo, kikachukua mtetemo wa sauti na kuiacha ngurumo nje. Hapo hakuna kilichokatwa ili kingine kipate nafasi.

Hata michezo yatoa funzo hilo hilo. Mwaka 1981, huko New Hampshire nchini Marekani, ulianza mchezo wa kuwindana kwa vidonge vya rangi vifyatuliwavyo kwa bunduki ya hewa. Kidonge huweza kwenda karibu mita 90 kwa sekunde, nacho chatosha kupofua jicho. Kwa hiyo amri ya kwanza ya uwanjani ni kutovua barakoa. Timu zitumiazo redio hapana budi zivifunge visikizi vyao kwa namna ambayo mchezaji hatashawishika kuinua barakoa ili asikie au asikike. Chombo kimtoacho mtu katika kinga yake kimegeuka adui.

Basi yafaa kufanyaje? Kwanza, zivue nguo za ndani ya kofia, zile laini zishikazo mashavu. Kofia nyingi zina kishimo cha sikio kilichotengenezwa na kiwanda. Weka humo spika bapa, nyembamba kama biskuti. Ikiwa haienei, badili spika, usichonge povu. Waya upite chini ya kitambaa, na kitu kigumu kisikae kati ya fuvu na povu. Kipaza sauti kikae pembeni mwa mdomo, juu ya kijiti laini kisichoweza kuvunja meno. Kisanduku cha betri kishikwe nje kwa kibanio kiwezacho kung’oka kikigongwa. Gamba lisitobolewe hata tundu moja. Kitufe cha kusemea kiwe upande wa kushoto, kwani mkono wa kulia umeshika moto wa pikipiki.

Kisha funga ukanda wa kidevuni, utikise kichwa. Kofia isicheze. Ivae nusu saa ukiwa nyumbani. Sikio likiuma uani, barabarani litakufanya uilegeze.

Tumia sikio moja tu. La pili ni la honi, filimbi ya trafiki na mtoto anayekimbilia mpira. Sauti nayo iwe ya chini. Kiasi cha desibeli 80 chavumilika kwa saa 40 kwa juma, lakini cha 90 kwa saa 4 tu. Mazungumzo marefu yangoje pikipiki isimame, maana mikono ikiwa huru haimaanishi kuwa akili nayo i huru.

Kijana yule alikaa siku mbili bila kazi hadi fedha za kofia mpya zilipopatikana, na hasara hiyo ilimuuma. Kofia ya zamani hakupewa mtu, asije akaumia mwana wa mwingine. Mama aliijaza majani makavu akaiweka nyuma ya jiko, na kuku wake mweusi akaikubali mara moja.