Mastaa Mnacheka Viwanja vya Ndege vya Kanda ya Ziwa, Mbona Pesa za Huko Hamzicheki?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Staa wa kike, jina kapuni, anashuka kwenye ndege Mwanza asubuhi, miwani usoni, simu mkononi. Anazungusha kamera kwenye jengo la abiria, anapiga kicheko, halafu anawauliza wafuasi wake: "Jamani, hiki ni kiwanja cha ndege au stendi ya Haisi?"

Angeishia hapo watu wangesema poa, utani wa mjini huo. Hakuishia hapo. Akiwa anatoka nje, kamera ikahamia kwa mama mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Dar. Mama kainama chini, kafungua salfeti la michembe, anahamishia nusu kwenye begi la mwanaye kwa sababu mzigo umezidi kilo. Staa akamvuta karibu kwa kamera mpaka sura ikajaa kwenye kioo, akasema: "Wasukuma bwana! Mtu anapanda ndege na viazi!" Kicheko tena. Na wafuasi nao wakacheka.

Usiku huohuo staa alikuwa jukwaani Maganzo, pale njia panda ya kwenda Mwadui, jirani kabisa na Songwa. Ukumbi umefurika. Wana apolo waliotoka kwenye machimbo na vijana wa kuuza almasi wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kumtunza. Wekundu wa Msimbazi wakamwagika mpaka dansa wake akawa anaokota kwa mikono miwili. Pale hapakuwa na utani wa Wasukuma. Pale ilikuwa "nawapenda sana watu wangu wa Shinyanga!"

Haya, sasa tuulizane vizuri. Kiwanja ni kichekesho, mama ni kichekesho, michembe ni kichekesho. Pesa je?

Tuanze na ukweli ili asitokee mtu wa kusema Kanda ya Ziwa wana jazba. Hakuna anayedai kiwanja cha Mwanza ni kasri. Abiria wa huko ndio wanaoujua ubovu kuliko staa aliyepita mara moja. Wanajua ndege mbili zikigongana muda, sehemu ya kukaa inageuka foleni ya kusimama. Wanajua ndege ikichelewa, mtu anaweza kukaa saa tatu anaangaliana na mlango bila kuambiwa kitu cha maana. Wanajua bei ya teksi inapanda ukionekana mgeni. Na jengo jipya la abiria limesubiriwa miaka, kila mara ni "hivi karibuni."

Wengine ndiyo kabisa hawana cha kuposti. Kuna familia zinazokwenda pale kupokea jeneza la ndugu aliyefia Dar, zinasimama juani upande wa mizigo, halafu zinaanza safari ya kilomita kama 160 mpaka Shinyanga. Kuna mtu anamsindikiza mgonjwa wa rufaa kwenda Muhimbili, mgonjwa hawezi kukaa, na viti vimejaa. Hao wakilalamika, wana haki yote. Nauli wamelipa wenyewe, wengine wameuza ng'ombe.

Staa je? Tiketi kalipiwa na promota. Gari lilimsubiri mlangoni, kiyoyozi kimewashwa tangu alfajiri. Mabegi alibebewa. Shida za kiwanja kile hazikumgusa hata ukucha, ila yeye ndiye aliyepata la kusema.

Na kwa nini viwanja vya huko viko hivyo? Hapo ndipo utani unapoisha.

Watu wa Songwa hawakuanza jana kuona ndege. Mgodi wa Mwadui, uliopo hapohapo pua na mdomo, ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia kutoka Canada. Mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5 kutoka mgodi huo ilitolewa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, ambaye baadaye akawa malkia. Ikachongwa, ikabaki karati 23 na ushee, ikawekwa kwenye bruchi, akawa anaivaa kwenye shughuli kubwa kubwa. Dunia nzima imeiona. Na mgodi una kiwanja chake cha ndege, ndani kwa ndani.

Nenda Geita. Mgodi mkubwa wa dhahabu nao una kiwanja chake. Nenda Kahama. Kiwanja kinachotajwa pale kilizaliwa na mgodi wa Buzwagi. Mpaka hapo umeshaona mtindo? Ukanda huu kiwanja kilifuata madini kwanza. Jiwe lilitafutiwa usafiri wa haraka, binadamu akaachiwa Haisi na mchomoko.

Sasa Shinyanga yenyewe, makao makuu ya mkoa. Kiwanja cha Ibadakuli kwa miaka mingi kilikuwa cha changarawe. Mradi wa kukiboresha, pamoja na vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, watu wameusikia mpaka watoto waliozaliwa wakati unatajwa wameanza shule. Chato nako kukajengwa njia ya kurukia ya kilomita tatu, lakini kutoka Geita mjini mpaka Chato ni safari nyingine inayojitegemea. Mtu wa Geita aliendelea kuitazama Mwanza, na mpaka daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, alikuwa anapanga foleni ya kivuko kwanza. Ndege inaondoka saa tano, wewe bado uko ng'ambo unaangalia kivuko kinakuja polepole. Umeachwa na ndege huku unaiona ikipaa! Hiyo nayo ungeichekea?

Kwa hiyo staa akiuliza "hiki ni kiwanja au stendi," kauliza swali zuri kwa mtu asiyehusika. Aulizwe mwenye bajeti. Ipo Wizara ya Uchukuzi, ipo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, wapo wabunge wanaopanda ndege hizohizo kila kikao. Huyo mama wa michembe hajawahi kukaa kwenye kikao kimoja cha kupanga jengo liwe na ukubwa gani.

Mashabiki wake watasema: "Muacheni, ametusaidia, bila kiki serikali haisikii." Hiyo hoja ingekuwa na uzito kama kwenye klipu angetaja ofisi moja tu. Hakutaja. Hakusema viti viongezwe, hakusema abiria wapewe taarifa ndege ikichelewa, hakusema mgonjwa awekewe sehemu ya kulala. Kamera yake ilikuwa na nafasi ya kwenda kokote, ikachagua salfeti. Anayekosoa huduma hutaja mwenye kosa. Yeye alimtaja mwenye shida.

Halafu tuongee la Bukoba, maana wengine wana kumbukumbu fupi.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Ndani walikuwa watu 43. Waliofariki ni 19, walionusurika ni 24. Na waliofika mwanzo kwenye ile ndege hawakuwa watu wenye makoti ya kuokolea. Walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Wakavuta kamba kwa mikono, na wananchi wakaingia majini mpaka kifuani.

Wiki ile mastaa wote walikuwa wanalia mtandaoni. Picha za mishumaa, mioyo iliyovunjika, "Mungu ibariki Bukoba." Wengine ni haohao wanaocheka leo. Baada ya wiki mbili mishumaa ikazimika, wakarudi kwenye bata. Ni nani kati yao aliyewahi kushuka Mwanza au Bukoba akauliza, kwa hiyo simu yake yenye mamilioni ya wafuasi: boti ya uokoaji iko wapi? Wazamiaji wapo zamu? Gari la zimamoto linafika mwisho wa njia ya kurukia kwa dakika ngapi?

Hayo ndiyo maswali ya kiwanja kidogo. Marumaru na ngazi za umeme vitakuja baadaye.

Maana udogo si aibu. Gambia ni nchi ndogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania, na kiwanja chake cha Banjul hakijawahi kushindana na Dubai kwa kung'aa. Lakini miaka ya 1980 NASA ya Marekani ilikiteua kiwe sehemu ya kutua kwa dharura chombo chake cha anga. Ikaweka taa na mitambo ya kuongozea. Chombo hakikuwahi kuhitaji kutua pale, lakini vifaa viliwekwa, kwa sababu kuna watu walikaa chini wakajiuliza: mambo yakiharibika, kiwanja hiki kitaokoa roho ngapi? Swali hilo liliulizwa kwa ajili ya wanaanga wachache. Abiria wa Bukoba, Mwanza na Shinyanga nao ni watu.

Sasa upande wa pili, maana lawama zote zikibebeshwa staa mmoja itakuwa uonevu.

Promota anayemleta yumo. Msanii wa Dar analipwa nusu kabla hajapanda ndege, kijana wa Kahama anayefungua shoo anaambiwa "utapata nauli." Staa akitukana watu wa promota, promota anacheka naye ili asikose tarehe nyingine. Hata neno la "dada, hapa umekosea" linamshinda.

Vijana wa Mwanza na Shinyanga waliosambaza klipu ile nao wamo. Wengine walicheka kwa sauti ili waonekane wa mjini, wakati kwenye begi la kwao chuoni mlikuwa na michembe hiyohiyo na matobolwa ya bibi. Muhula wa kwanza wameimaliza chini ya kitanda, wenzao wa chumba hawajui. Leo wanamcheka mama anayefanya kile alichofanya mama yao. Aibu gani hiyo ya kujificha nyuma ya kiazi?

Na viongozi wa huko wamo. Staa akija wanapigana vikumbo kupiga naye picha ukumbini, suti mpya, meno yote nje. Asubuhi abiria wa mkoa wao wanasimama juani upande wa mizigo. Hiyo picha haina mpigaji.

Tofauti inawezekana, tena mfano upo. Kuna mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, ndege yake ilichelewa Mwanza na gari la promota likaharibika. Akapanda mchomoko na abiria wengine wanne mpaka Shinyanga. Njiani akawasha simu, hakuwacheka. Akamwambia dereva: "Kaka, hebu waeleze watu huwa mnabeba akina nani kutoka kiwanjani." Dereva akaeleza. Wagonjwa wanaorudi, wafiwa, wafanyabiashara waliobanwa na muda, wanafunzi wenye njaa. Watu walicheka kwenye klipu hiyo pia, kwa sababu dereva ni mchekeshaji kuliko yeye. Lakini ukimaliza kuitazama unajua kitu ambacho hukukijua, na hakuna mama aliyedhalilishwa.

Kwa hiyo staa wetu wa miwani anajua la kufanya. Klipu amefuta, sawa, ila kufuta kimyakimya si kuomba radhi. Aposti tena, sura ileile, ukurasa uleule, aseme amekosea. Halafu siku akitua Mwanza tena, asimamishe kamera dakika moja tu mbele ya wenye mamlaka awaulize viti, taarifa na boti. Akifanya hivyo, hata wana apolo watamtunza mara mbili, na safari hii itakuwa halali yake.

Asipotaka, basi mapromota wa Kanda ya Ziwa wamsaidie. Shoo za Dar zinatosha, viwanja vya huko ni vikubwa, na hakuna mtu anayepanda ndege na viazi.

Mama wa michembe yeye alishafika Dar zamani. Salfeti lilipita kwenye mzani, begi la mwanaye likapita. Jioni ile wajukuu walipikiwa futali ya michembe na karanga, wakala mpaka wakalamba sahani. Hakujua kama alirekodiwa. Akijua, huenda angefanya walichofundishwa watu wa kwao: angemsalimia kwanza. Mwangaluka, mwanangu. Karibu michembe.

Wewe unaonaje, mdau? Staa aombe radhi au Wasukuma wapunguze jazba? Funguka hapo chini.