Damu ipimwe kabla ya kuongezwa

KUTOKA BARIADI
Na Kabula Masunga

Mwambie mtu wa Bariadi kwamba damu yako imepungua, uone utakavyopewa tiba pale pale barabarani. Mmoja atakuagiza juisi ya rozela, mwingine bitiruti, wa tatu atakutajia vidonge vyekundu vya duka la dawa. Wote wanakutakia mema. Lakini hakuna aliyeuliza: hiyo damu imekwenda wapi?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ilikuwa asilimia 59. Tumeizoea hali hii hadi hatuioni tena. Mama anayehema na ndoo yake kichwani tunasema kachoka. Msichana anayesinzia darasani tunamwita mvivu. Mjamzito anayetafuna pemba, ule udongo wa sokoni, tunacheka naye na kusema ni hamu ya mimba, kumbe huenda ni dalili ya kuishiwa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia hata kile kidogo kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe.

Chuma chote cha mwili wa mtu mzima ni gramu 3 hadi 4, uzito wa msumari mdogo. Theluthi mbili hivi imo kwenye chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni. Chembe ikifa baada ya siku 120 au karibu na hapo, mwili hautupi chuma chake, unakitumia kutengeneza chembe nyingine. Kwa siku hupotea takriban miligramu 1 tu, na kwa mwanamke huzidi kwa sababu ya hedhi. Basi anayeishiwa chuma ama hapati cha kutosha, ama anavuja damu mahali, ama amebeba mzigo mkubwa. Mimba moja huhitaji karibu gramu 1 nzima. Mwanamke anayezaa mfululizo, huku anapalilia pamba na kunyonyesha, atairudisha lini akiba hiyo?

Simiyu tuna ng'ombe wengi, lakini ng'ombe huenda mnadani kulipa ada au hutolewa mahari, na nyama huonekana siku ya shughuli. Chakula cha kila siku ni ugali wa mahindi au mtama kwa mlenda au nsansa (majani makavu ya kunde), na michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vikiwapo. Nakipenda chakula hiki na sitamwambia mtu akiache. Chuma kimo, ila cha nafaka na mboga hakifyonzwi kirahisi kama cha maini, nyama au samaki. Kamulia ndimu kwenye mboga. Kula embe au pera pamoja na mlo. Uji wa unga uliochachushwa ni bora kuliko wa unga mkavu, na konzi ya dagaa wa Busega ndani ya mchuzi wa mtoto ina thamani kuliko soda yoyote. Chai ya rangi isinywewe na ugali, isubiri saa moja au mbili. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilelewe kwa maziwa ya ng'ombe, maana yana chuma kidogo mno.

Mwaka 2011 Serikali iliweka kanuni za kuongeza virutubishi, chuma kikiwemo, kwenye unga wa viwandani. Ni jambo jema, lakini wengi wetu hapa tunavuna mahindi yetu na kuyasaga kwenye mashine ya jirani, kwa hiyo manufaa yale yanatupita. Mashine hizo ndogo ndizo zingefungwa vifaa vya kuchanganya virutubishi, nami naona halmashauri zisione hilo kuwa anasa.

Chakula peke yake hakitoshi kama damu inavuja. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Kichocho cha mkojo huitoa kidogo kidogo, na mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Malaria huvunja chembe kwa wingi. Halafu kuna seli mundu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka, na Kanda yetu ya Ziwa ni kati ya maeneo yaliyoelemewa zaidi. Mtoto mwenye seli mundu damu yake hupungua kwa sababu chembe zake hufa mapema, na akiongezewa damu mara kwa mara chuma humjaa hadi kwenye ini na moyo, kwa kuwa mwili hauna njia ya kukitoa. Kumnunulia vidonge vya chuma bila ushauri wa daktari ni kumwongezea mzigo.

Tulishapata funzo kubwa hapa hapa nchini. Kisiwani Pemba watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku, wakitarajia kuokoa maisha. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali. Hata hivyo, kati ya watoto waliopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, wakitibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke, au chini ya 11 kwa mjamzito na mtoto mdogo, kuna upungufu. Namba hiyo haitaji sababu. Sababu itatafutwa kwenye kipimo cha malaria, choo, mkojo na seli mundu, na pale inapowezekana, ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma.

Mjamzito yeye asisubiri. FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, azimeze kila siku. Najua zinachefua, na choo cheusi kinawatisha wengi hadi wanavificha vidonge kwenye kopo. Weusi huo ni wa chuma kisichofyonzwa, hauna madhara. Azimeze usiku baada ya chakula, kwa maji na si kwa chai, na mume amkumbushe.

Bajeti za halmashauri hupita kwa madiwani wetu. Muulize wako, kwa jina la zahanati ya kata yako: mashine ya kupima wingi wa damu ipo, na vitendanishi vyake havijaisha?