Kuhama kwahitaji hesabu

NDUGU zetu katika imani, mara ngapi tumeona kule Bombo, katika milima ya Upare, familia ikihamia Same mjini au Dar es Salaam, lori limekwishafika ndipo baba aanze kutafuta nauli? Kabati la mninga huuzwa kwa bei ya kutupa, na deni la dukani huachwa nyuma.

Hatusemi kuhama ni kosa. Mtume Muhammad (S.A.W.) alihama Makka kwenda Madina mwaka 622, na safari ile ilipangwa. Sayyidna Abubakar alikwishawalisha ngamia wawili kwa miezi minne. Mtume alikubali kumchukua mmoja kwa sharti alipe thamani yake. Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu, alikodiwa kwa ujira kwa kuwa aliijua njia. Sayyidna Ali alibakia ili arejeshe amana za watu. Aliyeahidiwa nusura na Mola wake hakuacha kupanga, sisi je?

Basi mwenye nia ya kuhama aanze kuweka akiba miezi kadhaa kabla, na aepuke masika, Machi hadi Mei, barabara za mlimani zinapoteleza. Aulizie lori lililopandisha saruji au bidhaa na linaloshuka tupu. Hapo nauli huzungumzika. Chombo kizito ambacho gharama ya kukibeba yazidi thamani yake akiuze mapema, si asubuhi ya safari. Mapatano yaandikwe, yataje na nani atapakia.

Lakini kabla ya lori, aende dukani: alipe, au waandikiane mbele ya mashahidi. Mwenye duka naye ana watoto.