Udi wa mjomba si baiskeli!

Jamani, wiki hii nina kesi ya kujishitaki mwenyewe. Mjomba alipofariki aliniachia udi wake. Dada yangu akasema udi huo lazima ulie harusini kwake, maana marehemu alimuahidi. Zimebaki wiki mbili, nyuzi zimekwisha. Mie kwa kujifanya fundi, si nikafunga nyuzi za chuma za gita la umeme! Nikakaza, nikakaza... paa! Kile kijiti cha tumboni kinachoshika nyuzi kikabanduka.

Mbio mpaka kwa mzee mmoja seremala, hapa hapa Tabora mtaa wa Gongoni. Shikamoo yangu hakuiitikia mpaka alipomaliza kukagua jeraha.

"Marahaba. Mwanangu, udi si baiskeli. Chuma kinavuta mno, na ubao huu ni mwembamba."

Akapaka gundi, huku ananipa somo. Enzi za misafara, watu walipokuwa wakitoka Bagamoyo kwa miguu, wapite Tabora mpaka Ujiji, udi ulifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo na za hariri. Nailoni imekuja juzi tu: kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938. Siku hizi hata mshipi wa kuvulia samaki, kama wa wavuvi wa bwawa la Igombe, unaweza kulia kwenye udi.

Lakini usikimbilie sokoni, mshikaji! Wengi tunauliza uzi gani haukatiki. Kumbe swali ni uzito. Kwa sauti nyembamba, nailoni inatosha. Ukitaka sauti ya chini kidogo inabidi iwe nene, na hapo inafifia, inalia kama ndoo. Ndipo unatafuta mshipi wa florokaboni. Kwa unene ule ule, huo unaizidi nailoni uzito kwa zaidi ya nusu, hivyo unafunga mwembamba na sauti inatoka safi. Kwa besi, nunua nyuzi maalumu zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba.

Halafu nailoni ina tabia ya kunyumbuka. Ukikaza asubuhi, jioni imelegea. Nilifunga siku tano kabla ya harusi, kila usiku nakaza upya.

Jumamosi udi ukalia. Mama naye akalia.

Wewe mwenye gita la baba uvunguni, waya wa breki mwachie fundi baiskeli. Tukutane wiki ijayo!